Aliyeua Anaporudi Iveti

Kibao cha namba cha gari nililopanda Namanga, upande wa Kenya, kilikuwa kimepinda kwenye kona. Dereva alikuwa amechuchumaa akikinyoosha kwa koleo, na nilipompa pole ya kazi akanijibu kwamba wa kupewa pole ni waliokitengeneza huko Kamiti. Namba za magari ya Kenya hutengenezwa na wafungwa wa Gereza la Kamiti, pembezoni mwa Nairobi. Mimi natoka Moshi, na viatu nilivyovaa asubuhi ile vilishonwa Karanga, kwenye kiwanda cha Jeshi letu la Magereza ambacho siku hizi kinaendeshwa kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF. Nikamwonyesha. Akavibonyeza kwa kidole gumba, akasema ngozi yake ni nzuri. Tukaondoka.

Nilikuwa nimealikwa Machakos kwenye ntheo. Kwa Wakamba mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Harusi ya kanisani inaweza kufungwa na mahari ikatolewa, lakini bila mbuzi hao wazee watakwambia ndoa bado. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo alikuwa anapokea mbuzi wa mpwa wake, nyumbani kwao kwenye vilima vya Iveti, akataka nishuhudie. Sikwenda kutafuta habari za jela, lakini ndizo nilizorudi nazo, na tangu nirudi sijaweza kuzungumza jingine.

Kutoka Namanga barabara inakata nyika ya Wamasai, Kajiado, Isinya, Kitengela, na mtu wa Kilimanjaro hujiona bado yuko kwao: ng'ombe walewale, shuka zilezile, vumbi lilelile la Longido. Mambo hubadilika Athi River, kwenye viwanda vya saruji. Hapo tunaingia Kaunti ya Machakos, na hapo dereva alipunguza sauti ya redio akaninyooshea mkono upande ziliko mahakama za Mavoko. Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama hizo pamoja na mteja wake, Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyekuwa amemlalamikia rasmi polisi aliyempiga risasi, na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Maiti zao ziliopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk siku chache baadaye. Waliopatikana na hatia ni polisi watatu na mpasha habari wao.

"Hao, kaka, wangenyongwa hapa hapa barabarani, sote tukiangalia," dereva alisema.

Sikumbishia. Hasira ile naijua. Kwetu magazeti yana msemo wake, wananchi wenye hasira kali, na kwa kawaida msemo huo huandikwa wakati mtu ameshachomwa. Lakini kesi ya Kimani ina jambo ambalo dereva hakulitaja. Jaji Jessie Lessit alipotoa adhabu tarehe 3 Februari 2023 hakuwapa wote wanne kipimo kimoja. Fredrick Leliman alihukumiwa kifo. Stephen Cheburet alipewa miaka 30, Sylvia Wanjiku miaka 24, na Peter Ngugi, yule mpasha habari, miaka 20. Kabla ya mwisho wa 2017 sheria ya mauaji ilikuwa na adhabu moja tu, kitanzi, na kazi ya jaji ilikuwa kuitamka. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kupima hali ya mkosaji ni kinyume cha Katiba. Adhabu ya kifo ilibaki, ulazima ukaondoka. Kwa hiyo jaji wa kesi ya Kimani alikaa akapima nani alipanga, nani alifuata, nani alisema ukweli mapema. Mtu anayedhani kupima ni kuhurumia na azitazame namba hizo nne.

Kyumbi tukaingia kushoto. Mji wa Machakos umekaa bondeni, vilima vimeuzunguka, na jina lake linatokana na Masaku, mtabiri na kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19. Waingereza walijenga boma hapa kabla Nairobi haijawa kitu. Reli ilipopita mbali na mji mwaka 1899, makao ya utawala yakahamia Nairobi, na Machakos ikaendelea na maisha yake ya soko. Ni mji wa watu wa taratibu. Hata makondakta wa matatu hupiga kelele kwa adabu kidogo kuliko wenzao wa Nairobi.

Asubuhi moja nilipita karibu na gereza. Kaulimbiu ya Magereza ya Kenya ni Kurekebisha na Haki. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao, wengi wakiwa na watoto mgongoni, na ng'ambo ya barabara wafungwa wanne wenye sare za milia nyeusi na nyeupe walikuwa wakifyeka majani chini ya askari mmoja. Msichana aliyekuwa akipita alisimama akamwita mmoja wao kwa jina, akamwuliza kama amesikia kwamba mama yake ametoka hospitali. Mfungwa akasema amesikia, akamshukuru. Askari akaangalia pembeni mpaka walipomaliza. Moshi, tukikutana na wafungwa wetu wenye sare za rangi ya chungwa, huwa tunatazama chini au tunavuka barabara. Sikumbuki kumsikia mtu akimwita mfungwa kwa jina lake.

Mchana nikala muthokoi sokoni Marikiti. Ni mahindi yaliyotwangwa mpaka ganda la nje likatoka, yakachemshwa na maharage au mbaazi, kisha yakakaangwa na vitunguu. Kwa Mtanzania ni makande, na Mpare yeyote angejiona yuko nyumbani, ila Wakamba huyapika mpaka mchuzi unakauka na kila punje inasimama peke yake. Nilimwamkia shikamoo mama mwenye kibanda. Bara ya Kenya salamu hiyo si ya kila siku, lakini yeye aliipokea kwa marahaba ndefu, akaniambia alikaa Mombasa ujana wake wote. Nikamtajia ile foleni ya vikapu.

"Wale wanakula kwa kodi yangu," alisema. "Aliyeibiwa anaamka saa kumi za usiku kutafuta maji. Aliyeiba anapikiwa."

Kwenye benchi alikuwapo mwanamke mwingine, makamo, kikapu kitupu miguuni. Alimjibu bila kuinua macho kwenye sahani yake. "Mwaitu, wangu yuko huko. Anachopikiwa sikijui. Lakini aliingia akiwa mwizi wa simu, na sasa anajua kuchomelea vyuma."

Mama wa kibanda hakusema neno. Alichota upawa mmoja wa muthokoi akamwongezea kwenye sahani.

Mabadiliko ya magereza ya Kenya yana historia fupi na watu wanaikumbuka. Baada ya 2003, Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais na waziri mwenye dhamana ya magereza, wafungwa walianza kupata magodoro, sare za heshima, televisheni, na ndugu wakaanza kupokewa kama watu. Wako waliochukia, na sababu zao si za kipuuzi. Machakos haihitaji mgeni wa kuifundisha uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika Sekondari ya Kyanguli ndani ya kaunti hii, bweni lilimwagiwa petroli likawashwa. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa, na wengi wao walizikwa pamoja pale pale shuleni kwa sababu hakuna aliyeweza kumtambua wa kwake. Walioshtakiwa kwa mauaji walikuwa wanafunzi wenzao wawili. Rafiki yangu alinisimulia hayo garini, akaniuliza, "Ungewapa miaka mingapi? Sitini na saba?" Sikuwa na jibu, na hakulingoja.

Tulipita mbele ya mahakama. Tarehe 17 Mei 2022, katika Mahakama Kuu ya hapa, Jaji George Odunga aliamua kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 ni kinyume cha Katiba pale vinapomnyima hakimu nafasi ya kupima kesi iliyo mbele yake. Wafungwa wengi wakaanza kuomba adhabu zao zitazamwe upya. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaufunga mlango: vifungo hivyo vibaki, na hukumu ya Muruatetu ni ya mauaji, isivutwe kwenye makosa mengine. Na Aprili 2025 ikakirudisha kifungo cha maisha ambacho Mahakama ya Rufani, ikikaa Malindi, ilikuwa imekikataa Julai 2023. Wanasheria watabishana kwa miaka. Mimi nimebaki na swali la dada wa rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeuliza huku akimenya embe: hao wanaokwenda na kurudi mahakamani, miaka ikipunguzwa na kuongezwa, yule mtoto aliyeharibiwa anaambiwa na nani?

Swali hilo nilipanda nalo Iveti.

Ukitaka kuijua Machakos, panda vilima vyake kwa miguu. Kila mteremko umekatwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, na kwenye kingo majani ya ng'ombe, migomba, miparachichi. Wenyewe huita fanya juu, kwa kuwa mchimbaji huchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi hii imekwisha, imegeuka mawe na korongo. Dawa yao ikawa kuwanyang'anya watu ng'ombe, na Muindi Mbingu alipowaongoza Wakamba kwa maelfu kwenda Nairobi kulalamika mwaka 1938, akahamishiwa Lamu kama adhabu. Ardhi ilikuja kupona baadaye kwa mikono ya vikundi vya kusaidiana vya mwethya, wanawake wengi na wanaume, kijiji baada ya kijiji.

Mzee aliyetupokea, baba mdogo wa rafiki yangu, alinionyesha ngazi za shamba lake kwa fimbo. "Udongo huu uliandikiwa kufa," alisema. "Ukitazama vizuri, na mtu ni hivyo hivyo." Nilivutwa na maneno yake, kisha nikayakataa kimoyomoyo. Udongo haukumuua mtoto wa mtu.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno matamu. Jioni ile, tukisubiri chai, alinieleza walivyohukumu wakubwa wao. Aliyeua, ukoo wake ulilipa ng'ombe kwa ukoo wa marehemu, kukawa na viapo, kukawa na kutakaswa kwa ng'ondu, dawa ya majani inayonyunyizwa, ili watu waweze tena kula pamoja. Lakini mtu aliyeshindikana, mchawi au mwizi asiyekoma, alifanyiwa kingole, akauawa na watu wote kwa pamoja, na haikufanyika mpaka ndugu zake wa karibu waridhie. Serikali ya kikoloni iliyaita yote hayo ushenzi. Mwaka 1932 mahakama yake iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa mkupuo mmoja kwa kumuua mwanamke waliyemwita mchawi, hukumu ambazo gavana alizibadilisha kuwa vifungo. Sikitamani kingole kirudi, na mzee naye hakitamani. Kilichonigusa ni kile kipengele cha ndugu kuridhia: hakuna aliyeweza kusema hakuwapo.

Siku ya ntheo ilianza na ukungu, halafu jua likatoka kwa nguvu. Wageni walifika na mbuzi wao, wazee wakawakagua masikio na meno, wakajifanya hawaridhiki, wakaridhika. Wanawake walikuwa jikoni tangu alfajiri. Palipofika pa kuchinja, mzee alimwita mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa pembeni kwenye gogo, umri wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. "Fundi," alimwambia, "njoo ufanye kazi." Kukawa kimya kidogo, si kirefu, lakini nilikihisi.

Alikipokea kisu kwa mikono miwili. Kilikuwa safi, hata hivyo alikifuta kwenye majani, upande huu na upande huu. Akamwambia kijana mmoja ashike miguu ya nyuma, yeye akapiga goti, akamlaza mbuzi ubavu, kiganja chake cha kushoto juu ya jicho la mnyama. Alikata mara moja. Wazee wawili walikuwa wamegeuza nyuso. Bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani alimtazama bila kupepesa mpaka damu ilipoacha kutoka, ndipo akarudi jikoni.

Rafiki yangu aliniambia baadaye. Mtu yule alimuua jirani kwa panga, ugomvi wa mpaka wa shamba, tena mpaka wenyewe ni hatua mbili. Alihukumiwa kunyongwa. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alipobadilisha hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha, yeye alikuwa mmojawapo. Baada ya hukumu ya Muruatetu alirudishwa mbele ya jaji kutazamwa upya, akapewa miaka ya kuhesabika, na ilipotimia akatoka. Ukoo ukakaa kikao. Wengine walitaka ng'ondu, wengine walitaka maombi ya mchungaji, yakafanyika yote mawili. Nilimuuliza mzee kwa nini amempa kisu yule, na mbele ya wageni. Alinijibu, "Tulimpokea kikaoni. Kama hatuwezi kumpa kisu, basi hatukumpokea, tulimdanganya."

Nilikaa naye fundi jioni, nyama ikichomwa. Ni seremala sasa, na meza tuliyolia chakula ni kazi yake. Hakusita kuongea, ila alichagua maneno.

"Kule kwa waliohukumiwa kifo hupewi kazi," alisema. "Unakula, unalala, unasikiliza viatu vya askari. Mlango ukilia saa isiyo yake, mnatazamana." Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, ilipowanyonga waliohukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la 1982, akiwemo Hezekiah Ochuka. Nikamwuliza kama hawakuwa wakilijua hilo. "Tulijua. Lakini nani atakuhakikishia kesho?" Tangazo la Kibaki lilipofika, wenzake walilia. Yeye alilala. "Nilipoamka nikapelekwa karakana, nikapewa randa. Kabla ya hapo, miaka yote ile, hakuna nilichofanya kwa mkono huu. Hata kumfikiria yule niliyemuua nilikuwa siwezi. Nilikuwa najifikiria mimi na kamba." Alinyamaza akageuza nyama. "Ni nilipoanza kufanya kazi ndipo alipoanza kunijia."

Nimesoma maandishi mengi ya wanaotetea urekebishaji wa wahalifu, na wengi hueleza hesabu: gharama za gereza, wanaorudia makosa, wasiorudia. Sijaona aliyelisema hili. Mtu anayesubiri kitanzi hana nafasi ya kujuta, kwa sababu woga umechukua nafasi yote. Tunadhani tumempa adhabu kali kuliko zote, kumbe tumempa sababu ya kujihurumia. Jaji aliyemtazama upya alimwuliza akitoka atafanya nini. "Tangu nizaliwe," fundi aliniambia, "hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniuliza hivyo."

Ningeishia hapo ningerudi Moshi na hadithi nzuri. Lakini kwenye ntheo ile kulikuwa na nyumba moja ambayo haikuja, na kutoka uani kwa rafiki yangu bati lake linaonekana, ng'ambo ya bonde.

Shangazi wa rafiki yangu alinipeleka kesho yake kumsalimia mama wa marehemu. Tulimkuta kibarazani na ungo wa ndengu, anachagua mawe. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe: punje kushoto, jiwe chini, punje kushoto. Alitukaribisha, akaagiza maji ya kunywa, akauliza habari za Tanzania kana kwamba ana ndugu huko. Shangazi ndiye aliyeanza.

"Alikuja msichana wa probesheni, mpole," mama alisema. "Akaniuliza naonaje akiachiliwa. Nikamwambia, mwanangu aliacha watoto wawili, mkamwulize huyo mtu kama anayajua majina yao. Akaandika. Akaondoka. Hakurudi." Jiwe likaanguka chini. "Siku moja niko stendi na gunia langu la maembe, nikamwona anashuka kwenye matatu. Nikadhani macho yangu. Nikakaa juu ya gunia."

Shangazi akamwuliza kama bado anataka anyongwe.

"Zamani nilitaka. Nilichoka. Sasa nataka aje hapa, mchana, na wazee, aseme alichofanya. Mimi nikimsikia ndipo nitajua la kusema."

Fundi naye nilikuwa nimemwuliza usiku uliopita kama amewahi kwenda. Alisema amefika mara kadhaa mpaka kwenye mparachichi ulio juu ya njia, kisha miguu ikakataa. Na hakuna aliyemwambia kama anaruhusiwa. Anahofu kwamba kwenda kwake kutaitwa vitisho, na arudishwe ndani.

Kati ya mparachichi ule na kibaraza kile ni mwendo wa dakika kumi. Upande mmoja yuko mtu ambaye serikali ilimlisha, ikamfunga, ikamfundisha useremala, ikamwachia. Upande wa pili yuko mama ambaye serikali ilimwuliza swali moja na haikurudi na jibu. Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014. Ina miongozo ya utoaji wa adhabu inayotaja upatanisho na mahitaji ya mwathiriwa kuwa miongoni mwa malengo ya adhabu. Katiba yake ya 2010, ibara ya 159, inawataka majaji wakuze njia za jadi za kusuluhisha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali hata kuifunga kesi ya mauaji, ya Mohamed Abdow Mohamed, kwa kuwa familia mbili za Kisomali zilishamalizana kwa mila na fidia kutolewa. Hukumu ile inanitia hofu. Mwenye ngamia wengi asije akanunua damu ya asiye na kitu. Mahakama na zibaki, na gereza libaki, na anayeua kwa kupanga, kama waliomuua Kimani, akae ndani muda mrefu sana. Lakini wakubwa wa Wakamba walijua jambo ambalo sisi na mahakama zetu tumelipoteza: kuua kunaacha deni kwa nyumba fulani, na nyumba hiyo lazima watu wakae nayo. Kumrekebisha muuaji bila kufika kwenye kibaraza kile ni kazi nusu. Na kumnyonga ni kuifuta kazi hiyo isifanyike kamwe.

Nilipokuwa narudi, basi likikata Longido na Meru ukiwa umejifunika wingu, nilifikiri mambo ya kwetu. Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994. Lakini kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaka jaji ampe kifo anayetiwa hatiani kwa mauaji, awe alipanga kwa mwezi mzima au aliinua panga kwa hasira ya hatua mbili za mpaka. Ally Rajabu na wenzake walihukumiwa hivyo katika Mahakama Kuu, Moshi, mji wangu, mwaka 2011. Wakaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo tarehe 28 Novemba 2019 ikasema ulazima huo unavunja haki ya kuishi, ikaipa serikali yetu mwaka mmoja kuirekebisha sheria. Mwaka ule ulipita na sheria haikuguswa. Wafungwa wetu wa kitanzi wanaendelea kukaa kama fundi alivyokaa, wakisikiliza viatu.

Nawaomba wabunge wetu wauondoe ulazima huo. Na siku watakapouondoa, wasiishie kwa mfungwa. Waandike katika sheria hiyohiyo ni ofisa gani atakayekwenda nyumbani kwa marehemu kabla lango la gereza halijafunguliwa, ataenda lini, atarudi mara ngapi, na nani atamshika mkono aliyeua ampeleke mpaka kibarazani kama wenye nyumba wanataka aje. Pale Iveti kila kazi ilikuwa na mtu wake, jaji, askari, msichana wa probesheni, mchungaji na wazee wa ukoo. Hiyo peke yake haikuwa na mtu.